Usakinishaji wa Programu ya Uigaji wa Kisayansi kwa Mstari wa Amri na Utambuzi wa Hitilafu Zake: Mfano wa GROMACS

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mtafiti anavyoweza kutumia mstari wa amri kusakinisha programu ya uigaji wa kisayansi, na kutambua chanzo cha hitilafu zinazojitokeza wakati wa kuijenga na kuiendesha. Mfano uliotumika ni GROMACS, programu huria ya kuiga mwendo wa molekuli. Hoja kuu ni kwamba usakinishaji ni sehemu ya mbinu za utafiti, wala si kazi ya fundi inayotangulia utafiti. Kwa sababu hiyo, unapaswa kuandikwa, kupimwa na kuhojiwa kama sehemu nyingine yoyote ya sura ya mbinu. Makala inatofautisha hitilafu zinazojitangaza na hitilafu zinazonyamaza, na inaonesha kwamba za aina ya pili ndizo zenye madhara makubwa zaidi kwa tasnifu. Mwishoni, makala inapendekeza ushahidi ambao mtahini anaweza kuudai na ambao mtafiti anaweza kuuhifadhi bila gharama.

1.0 Utangulizi

Tasnifu iliyotokana na kazi ya maabara huwa na sehemu inayotaja vifaa vilivyotumika, namna vilivyosawazishwa na kiwango cha usahihi wake. Mtahini akiona kwamba mizani haikusawazishwa, ana haki ya kutilia shaka kila uzito ulioandikwa katika majedwali. Tasnifu iliyotokana na uigaji wa kompyuta, kwa upande wake, mara nyingi huridhika na sentensi moja: kwamba uigaji ulifanywa kwa programu fulani. Sentensi hiyo haisemi programu ilikuwa toleo gani, ilijengwa vipi, ilipimwa au haikupimwa, na ilitoa maonyo gani kabla ya kutoa majibu. Kwa maneno mengine, mizani imetajwa jina lakini usawazishaji wake haukuelezwa.

Makala hii inalishughulikia pengo hilo kwa kutumia mfano wa GROMACS. Programu hii ilianza kutengenezwa katika Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye kitovu cha uendelezaji wake kilihamia Uswidi. Kazi yake ni kukokotoa mwendo wa atomi za protini, mafuta, maji na molekuli nyinginezo kwa kutumia sheria za mwendo za Newton, hatua kwa hatua, ambapo kila hatua kwa kawaida ni femtosekunde 2 tu. Ili kufikia nanosekunde 100, programu hulazimika kupiga hatua milioni 50. Ni wazi basi kwamba kosa dogo lililojificha katika msingi hurudiwa mara mamilioni kabla mtafiti hajaona grafu yake ya kwanza.

GROMACS imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, msimbo chanzo wake uko wazi, hivyo yeyote anaweza kuukagua na kuujenga. Pili, inaendeshwa karibu yote kwa amri zinazoandikwa, bila madirisha ya kubofya. Tatu, hitilafu zake ni zilezile zinazowakuta watumiaji wa programu nyingine za uigaji, ziwe za hali ya hewa, za mtiririko wa maji au za muundo wa fuwele. Anayeielewa mantiki ya hitilafu hizi katika programu moja anaweza kuihamishia katika nyingine.

2.0 Dhana za Msingi za Mstari wa Amri

Mstari wa amri ni mahali ambapo mtumiaji huandika agizo kwa maneno, na kompyuta hulitekeleza na kujibu kwa maneno. Faida yake kubwa kwa mtafiti ni kwamba agizo lililoandikwa linaweza kuhifadhiwa, kurudiwa na kukaguliwa na mtu mwingine. Mbofyo wa kipanya hauachi alama, amri huacha.

Dhana tatu zinahitajika ili hoja za makala hii zieleweke.

Ya kwanza ni njia ya utafutaji. Mtumiaji anapoandika jina la programu, mfumo endeshi hauitafuti kompyuta nzima. Huitafuta katika orodha ya folda iliyohifadhiwa katika kigeu cha mazingira kiitwacho PATH, kwa mpangilio wa orodha hiyo, na huchukua ya kwanza inayopatikana. Kompyuta yenye matoleo mawili ya programu moja itaendesha lile lililotangulia katika orodha, hata kama mtafiti amekusudia lile la pili.

Ya pili ni maktaba za pamoja. Programu nyingi hazibebi kila kitu ndani yake. Huazima sehemu za kazi kutoka katika faili nyingine ambazo hupakiwa programu inapoanza. Maktaba ikikosekana, au ikiwa ya toleo lisilofaa, programu haitaanza ingawa yenyewe imesakinishwa kikamilifu.

Ya tatu ni namba ya hali ya mwisho. Kila amri inapomalizika huacha namba. Sifuri humaanisha kwamba amri imefaulu. Namba nyingine yoyote humaanisha kwamba kuna tatizo. Mtumiaji huiona kwa kuandika:

echo $?

Namba hii ni shahidi asiyependelea upande wowote. Namba 127 humaanisha kwamba amri haikupatikana, na 126 kwamba faili imepatikana lakini haikuweza kuendeshwa. Programu inapouawa na mfumo endeshi, namba huwa 128 kuongeza namba ya ishara iliyoiua. Hivyo 132 huashiria agizo ambalo kichakataji hakilijui, 137 huashiria programu iliyouawa kwa lazima, mara nyingi kwa sababu RAM imekwisha, na 139 huashiria programu iliyogusa eneo la kumbukumbu lisilo lake. Mtafiti anayeandika katika shajara yake kwamba "programu iligoma" hajasema lolote. Anayeandika kwamba ilimalizika kwa namba 137 amekwisha fika nusu ya njia ya kupata chanzo.

3.0 Hatua za Usakinishaji

3.1 Kuchagua Njia

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuchukua programu iliyokwisha kujengwa kupitia msimamizi wa vifurushi. Katika Debian au Ubuntu, amri moja inatosha:

sudo apt install gromacs

Njia hii ni ya haraka, nayo inafaa kwa mafunzo na majaribio madogo. Kasoro yake ni kwamba toleo linalopatikana huamuliwa na umri wa mfumo endeshi, na kifurushi hujengwa kwa namna itakayofanya kazi katika mashine nyingi iwezekanavyo, bila kutumia uwezo wote wa mashine ya mtafiti. Njia ya pili ni kuijenga programu kutoka katika msimbo chanzo. Njia hii huchukua muda, lakini humpa mtafiti udhibiti wa toleo, usahihi na kasi. Sehemu zinazofuata zinahusu njia hii ya pili.

3.2 Kuichunguza Mashine Kabla ya Kujenga

Kabla ya kupakua chochote, mtafiti anapaswa kuijua mashine yake. Amri tano zinatosha: lscpu hueleza kichakataji, free -h hueleza RAM, df -h hueleza nafasi ya diski, gcc --version hueleza toleo la kompaila, na cmake --version hueleza toleo la programu inayopanga ujenzi.

Uchunguzi huu si wa desturi tu. Kuanzia toleo la 2021, GROMACS huhitaji kompaila inayokielewa kiwango cha C++17. Mfumo wa CentOS 7, uliotumika kwa miaka mingi katika seva za vyuo na taasisi, ulikuja na kompaila ya gcc 4.8.5, ambayo haikielewi kiwango hicho. Mtafiti anayeanza kujenga bila kuangalia atapata ujumbe wa makosa unaomfanya adhani kwamba msimbo umeharibika, ilhali msimbo ni mzima na kompaila ndiyo imepitwa na wakati. Dakika moja ya kuuliza ingemwondolea siku kadhaa za kubahatisha.

3.3 Kujenga

Baada ya kupakua na kufungua kifurushi cha msimbo, mtafiti huunda folda ya ujenzi iliyo mbali na msimbo wenyewe, kisha hupanga na kujenga:

mkdir build
cd build
cmake .. -DGMX_BUILD_OWN_FFTW=ON -DREGRESSIONTEST_DOWNLOAD=ON -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/gromacs
make -j 4
make check
make install
source $HOME/gromacs/bin/GMXRC

Kila sehemu ya amri ya cmake ni uamuzi wa kimbinu. Agizo la kwanza linaitaka programu ijijengee maktaba ya FFTW, inayokokotoa mabadiliko ya Fourier yanayohitajika katika hesabu ya nguvu za umeme za masafa marefu. Agizo la pili linaomba majaribio ya kulinganisha majibu. Yote mawili huhitaji intaneti, na mtafiti aliye katika seva isiyo na intaneti hana budi kuandaa faili hizo mapema. Agizo la tatu linaelekeza usakinishaji ufanyike katika folda ya mtafiti mwenyewe, ili asihitaji mamlaka ya msimamizi wa seva.

Ni muhimu kukumbuka kwamba cmake huhifadhi majibu yake katika faili iitwayo CMakeCache.txt. Mtafiti akibadilisha kompaila na kurudia amri katika folda ileile, majibu ya zamani yanaweza kuendelea kutumika. Tiba yake ni kuifuta folda ya ujenzi na kuanza upya. Ndiyo sababu folda hiyo hutengwa na msimbo tangu mwanzo.

3.4 Kupima

Hatua ya make check ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayofanana na kusawazisha mizani. Amri hii huendesha mamia ya majaribio madogo na kulinganisha majibu na yale yanayojulikana kuwa sahihi. Programu inaweza kujengwa bila kosa, ikasakinishwa bila kosa, ikaanza bila kosa, lakini ikakosea hesabu kwa sababu ya kasoro ya kompaila au maktaba. Ni majaribio haya pekee yanayoweza kulifichua jambo hilo kabla halijaingia katika matokeo. Mtafiti anapaswa kuhifadhi majibu yake:

make check 2>&1 | tee majaribio.txt

4.0 Hitilafu Zinazojitangaza

Hitilafu inayojitangaza husimamisha kazi na kutoa ujumbe. Humkera mtafiti, lakini haimdanganyi. Zifuatazo ni aina nne zinazotokea mara kwa mara.

4.1 Amri Haikupatikana

Ujumbe "command not found" una vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni kwamba faili ya GMXRC haijasomwa katika kikao hicho, hivyo PATH haijui programu iko wapi. Cha pili ni mwongozo uliopitwa na wakati. Hapo awali kila chombo cha GROMACS kilikuwa amri inayojitegemea, mathalani grompp na mdrun. Katika mfululizo wa toleo la 5, vyombo vyote viliunganishwa chini ya amri moja, gmx, na sasa huandikwa gmx grompp na gmx mdrun. Mwanafunzi anayefuata mwongozo wa zamani kwa uaminifu ataambiwa kwamba amri haipo, naye ataisakinisha upya programu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Aidha, programu iliyojengwa kwa ajili ya klasta huitwa gmx_mpi, na ile ya usahihi maradufu huitwa gmx_d. Amri ya which -a gmx huonesha nakala zote zilizo katika njia ya utafutaji.

4.2 Maktaba Haikupatikana

Iwapo programu inakataa kuanza kwa ujumbe wa "error while loading shared libraries", amri ya kwanza kuandikwa ni:

ldd $(which gmx)

Amri hii huorodhesha kila maktaba inayohitajika na mahali ilipopatikana. Mstari wenye maneno "not found" ndio jibu. Katika klasta, sababu ya kawaida ni kwamba moduli iliyopakiwa wakati wa kujenga haikupakiwa katika hati ya kazi inayopelekwa kwenye foleni. Wapo wanaotatua tatizo hili kwa kunakili maktaba kutoka kompyuta nyingine. Njia hiyo haifai, kwa kuwa huugeuza upungufu unaoonekana kuwa mgongano usioonekana.

4.3 Ujenzi Uliosimama Katikati

Ujenzi unaposhindikana, skrini hujaa mistari mingi, na wa mwisho husema tu kwamba make imeshindwa. Mtafiti asiyezoea huutafuta ujumbe huo wa mwisho na kukosa msaada, kwa sababu kosa la mwisho ni matokeo. Chanzo ni kosa la kwanza. Njia sahihi ni kuhifadhi kila kitu na kutafuta kuanzia juu:

set -o pipefail
make 2>&1 | tee ujenzi.txt
grep -n -i "error" ujenzi.txt | head

Mstari wa kwanza una umuhimu wake. Bila huo, namba ya hali ya mwisho itakuwa ya tee, ambayo hufaulu daima, na ujenzi ulioshindwa utaonekana kana kwamba umefaulu.

Kosa la kwanza likitaja kwamba kompaila imeuawa, basi tatizo limo katika RAM, si katika msimbo. Agizo la make -j 4 hujenga faili nne kwa wakati mmoja, na kila moja inadai sehemu yake ya kumbukumbu. Katika kompyuta ndogo, kupunguza hadi make -j 1 hutatua tatizo, ingawa ujenzi utachukua muda mrefu zaidi.

4.4 Agizo Lisilojulikana na Kichakataji

Hitilafu hii inastahili maelezo ya kina kwa sababu huwapotosha hata wazoefu. Programu imejengwa vizuri katika nodi ya kuingilia ya klasta, majaribio yote yamefaulu, lakini kazi inapofika katika nodi ya kukokotolea hufa papo hapo kwa ujumbe "Illegal instruction" na namba 132.

Chanzo chake ni hiki. Vichakataji vya kisasa vina maagizo maalumu ya kufanya hesabu nyingi kwa pigo moja. Maagizo ya AVX2 yalianza kupatikana katika vichakataji vya Intel mwaka 2013, na AVX-512 yakafika katika vichakataji vyake vya seva mwaka 2017. GROMACS, inapojengwa, huikagua mashine inayojengewa na kuchagua maagizo ya juu kabisa yaliyopo. Iwapo nodi ya kuingilia ni mpya na nodi za kukokotolea ni za zamani, programu itabeba maagizo ambayo nodi hizo haziyajui. Tiba yake ni kutaja kiwango kinachofahamika na nodi zote wakati wa kupanga ujenzi, kwa mfano:

cmake .. -DGMX_SIMD=AVX2_256

Kinyume chake pia hutokea: programu iliyojengwa katika mashine ya zamani huendeshwa katika mashine mpya. Hapo haifi, bali hufanya kazi kwa kasi ndogo kuliko inavyostahili, na faili ya kumbukumbu ya mwendo hulitaja jambo hilo. Asiyeisoma faili hiyo atasubiri majuma kwa kazi ambayo ingekwisha kwa siku.

5.0 Hitilafu Zinazonyamaza

Hitilafu inayonyamaza huiacha kazi iendelee hadi mwisho. Faili za matokeo hutokea, grafu huchorwa, na tasnifu huandikwa. Hapa ndipo palipo hatari.

5.1 Maonyo Yaliyozimwa

Kabla ya uigaji kuanza, chombo cha gmx grompp hukagua muundo, vigezo na maelezo ya molekuli. Kikikuta jambo la kutilia shaka hutoa onyo na kukataa kuendelea. Hata hivyo, kipo kigezo cha -maxwarn kinachomruhusu mtumiaji kupitisha idadi fulani ya maonyo. Kigezo hiki kina matumizi halali kwa anayeelewa onyo analolipitisha. Kwa asiyeelewa, ni sawa na kufunika taa ya tahadhari kwa kitambaa ili safari iendelee.

Tuchukue mfano wa lisozimu ya ute wa yai la kuku, protini yenye asidi amino 129 inayotumiwa sana katika mafunzo ya GROMACS. Katika hali ya kawaida ya ukokotozi wake protini hii hubeba chaji ya jumla ya +8. Mtafiti anapaswa kuongeza ioni 8 za kloridi, au kiasi kingine kinachosawazisha chaji, kabla ya uigaji. Akisahau, na akatumia mbinu ya kawaida ya kukokotoa nguvu za umeme za masafa marefu, grompp humwonya kwamba mfumo una chaji. Akiandika -maxwarn 1, uigaji utaendelea. Hesabu itafanyika kana kwamba chaji ya kusawazisha imetandazwa sawasawa katika kisanduku chote, ndani ya maji na ndani ya protini, jambo ambalo halilingani na hali halisi ya mfumo wenye sehemu mbili zenye tabia tofauti. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, na namba ya hali ya mwisho itakuwa sifuri.

5.2 Toleo Lisilokusudiwa

Kwa kuwa PATH huchukua programu ya kwanza inayopatikana, mtafiti aliyejenga toleo jipya anaweza kuendelea kutumia la zamani kwa miezi bila kujua, na katika sura ya mbinu akataja lile jipya. Amri ya gmx --version huondoa shaka. Huonesha toleo, mahali faili ilipo, kiwango cha usahihi, maagizo ya kichakataji, maktaba ya FFT na kompaila iliyotumika.

5.3 Usahihi na Kadi ya Michoro

GROMACS hujengwa kwa usahihi mchanganyiko isipokuwa mtumiaji ameagiza -DGMX_DOUBLE=ON. Usahihi mchanganyiko unatosha kwa kazi nyingi za uigaji. Hata hivyo, baadhi ya uchambuzi, kama vile wa mitetemo ya kawaida ya molekuli, huhitaji usahihi maradufu. Tena, toleo la usahihi maradufu halitumii kadi ya michoro. Mtafiti anayedai kwamba alitumia vyote viwili katika uigaji uleule amejipinga mwenyewe, na mtahini anayelijua hilo ana swali la kuuliza.

Kwa upande wa kadi ya michoro, programu isipoiona huweza kuendelea kwa kutumia kichakataji pekee. Majibu yanabaki kuwa halali, lakini muda huongezeka mara nyingi. Mwisho wa faili ya kumbukumbu huonesha nanosekunde zilizokokotolewa kwa siku. Namba hiyo ikiwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, amri ya nvidia-smi huonesha kama kadi ya Nvidia inaonekana na kama inafanya kazi.

6.0 Kazi Inayokatishwa

Uigaji wa siku nyingi hukatishwa na mambo yaliyo nje ya programu: umeme hukatika, muda wa foleni huisha, diski hujaa. GROMACS huhifadhi hali ya kazi kila baada ya dakika 15, isipokuwa mtumiaji amebadilisha muda huo. Kazi iliyokatishwa huendelezwa hivi:

gmx mdrun -deffnm md -cpi md.cpt

Kabla ya kuendelea, programu huhakiki kwamba faili za awali zipo na hazijabadilishwa. Zikiwa zimefutwa au kuhaririwa, hukataa kuziunganisha. Kukataa huku kusichukuliwe kuwa usumbufu; ni ulinzi dhidi ya kuunganisha vipande viwili visivyo vya kazi moja. Aghalabu mtafiti asiyelijua agizo la -cpi huanza uigaji upya tangu mwanzo kila umeme unapokatika, na hatimaye hupunguza muda wa uigaji ili ukamilike kabla ya kukatika kwingine. Hapo swali la kisayansi huwa limepunguzwa ili lilingane na ujuzi wa amri, jambo lisilopaswa kutokea.

7.0 Ushahidi kwa Watahini na Suala la Kurudiwa kwa Matokeo

Ipo dhana kwamba matokeo ya uigaji yanarudiwa iwapo mtu mwingine atapata namba zilezile hadi desimali ya mwisho. Kwa uigaji wa mwendo wa molekuli, dhana hii si sahihi. Mfumo huu ni wa vurugu kwa maana ya kihisabati: tofauti ndogo kabisa ya ukadiriaji hukua kwa kasi, na njia za atomi hutengana. Kubadilisha idadi ya viini vya kichakataji pekee kunatosha kuleta tofauti hiyo. Kinachopaswa kurudiwa ni wastani: halijoto, msongamano, umbo la jumla la protini, pamoja na makadirio ya makosa yake. Kwa hiyo mtahini asidai mfanano wa njia za atomi, na mtafiti asijitetee kwa kutofanana huko pale ambapo wastani wenyewe umetofautiana.

Kinachoweza kudaiwa ni ushahidi wa vitu vitano, vyote vikiwa faili ndogo za maandishi zinazoweza kuwekwa kama kiambatisho au pamoja na tasnifu katika hazina ya chuo:

(i) jibu kamili la gmx --version kutoka katika mashine iliyofanya kazi yenyewe;
(ii) amri ya cmake iliyotumika na majibu ya make check;
(iii) faili za vigezo na maelezo ya molekuli zilizoingizwa katika grompp;
(iv) idadi na maneno ya maonyo yote yaliyopitishwa kwa -maxwarn, pamoja na sababu ya kila moja;
(v) faili ya kumbukumbu ya kila uigaji, ambayo hubeba amri iliyoandikwa, vigezo vyote na mashine iliyotambuliwa.

Kuongeza alama ya uhakiki kwa amri ya sha256sum kwa kila faili humhakikishia msomaji kwamba faili anayoisoma ndiyo iliyotumika. Kazi yote hii haizidi saa moja kwa mtafiti aliyeanza mapema. Kwa aliyeanza baada ya uigaji kukamilika na seva kufungwa, mara nyingi haiwezekani kabisa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kila hitilafu iliyojadiliwa ina chombo chake cha uchunguzi: which kwa njia ya utafutaji, ldd kwa maktaba, lscpu kwa kichakataji, grep kwa kosa la kwanza, na namba ya hali ya mwisho kwa kifo cha programu. Imeonesha pia kwamba vyombo hivyo havitoshi pale programu inapomalizika kwa amani huku ikiwa imepewa mfumo usio sahihi. Katika hali hiyo, kinachomlinda mtafiti ni majaribio aliyoyaendesha na maonyo aliyokubali kuyasoma.

Inapendekezwa kwamba vitengo vya shahada za uzamili na uzamivu viyachukulie maelezo ya usakinishaji kuwa sehemu ya lazima ya sura ya mbinu katika tasnifu zote za uigaji, na kwamba mafunzo ya mstari wa amri yatolewe kabla ya pendekezo la utafiti kuidhinishwa. Vilevile, inapendekezwa kwamba mtahini aanze usaili wake na swali jepesi ambalo mtafiti aliyeijua kazi yake hatalikwepa: ni onyo gani programu ilikupa, nawe ulifanya nini?